Safari ya Jalada

Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga mwaka 1892, hawakuwa na haja ya wanafalsafa. Walitaka vijana wa kunakili barua, kujumlisha hesabu, kutafsiri mashauri na kuandika majina ya walipa kodi bila kuyakosea. Nchi waliyojitwalia ilianzia ufukwe wa Bahari ya Hindi ikaishia Ziwa Tanganyika, kubwa karibu mara mbili ya Ujerumani yenyewe, na maofisa wa Kizungu waliokuwa nao walikuwa wa kuhesabika. Mizinga iliweza kuvunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga, na mwaka 1894 ikaivunja kweli. Lakini mzinga hauandiki risiti. Kurudi kila mwaka, nyumba kwa nyumba, kudai rupia na kuacha nyuma karatasi inayothibitisha kwamba fulani bin fulani amelipa, hiyo ilikuwa kazi ya karani.

Maandishi hayakuwa mageni Pwani. Maliwali wa Sultani wa Zanzibar waliandikiana kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla bendera ya Kaiser haijapandishwa, na forodha ya Unguja iliendeshwa kwa vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Kihindi waliokodishiwa ukusanyaji wa ushuru. Wajerumani walivichukua vyeo vilivyokuwapo, liwali, akida na jumbe, wakavipanga ngazi kwa ngazi hadi bomani. Barua za Kiswahili za maakida zikaanza kumiminika: nani kakataa kazi ya barabara, nani kagombania mpaka wa shamba, rupia ngapi zimepelekwa na kwa mkono wa nani. Mwanzoni nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Pole pole serikali ikasukuma herufi za Kilatini, na shule ya Tanga ikawa kiwanda cha mabadiliko hayo. Hapo hapo shuleni lilichapishwa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, likasomwa zaidi na makarani na walimu waliotawanywa bara. Kijana wa Tanga akipangiwa kazi Iringa au Mwanza alikwenda na kalamu yake na lugha yake, na ofisi ikawa mojawapo ya njia zilizokifikisha Kiswahili mahali ambapo misafara ya biashara ilikuwa imepita tu.

Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Anayeidai mlangoni hakuwa gavana wala ofisa wa Kijerumani; alikuwa akida, mara nyingi mtu wa Pwani asiye na ukoo wala kaburi la babu mahali alipotawala. Ndiyo maana Julai 1905, watu wa Matumbi walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu na kuwasha moto wa Maji Maji, mtu wa kwanza kukimbizwa alikuwa Sefu bin Amri, akida wa Kibata. Mwananchi hamjui anayetunga amri. Anamjua anayeileta. Historia ya ofisi za Tanganyika imelirudia jambo hili mara nyingi, na watendaji wa kata wa leo wangeweza kumsimulia Sefu bin Amri mengi.

Vita Kuu ya Kwanza ikawafukuza Wajerumani. Baadhi ya majalada yao waliyazika ardhini yasiangukie mikononi mwa adui. Mengine yalisalimika na leo yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Waingereza walikuta nchi yenye madaftari na watu wanaojua kuyatumia. Walibadilisha bendera, fedha na lugha ya makao makuu. Meza na wanaozikalia hawakuwabadilisha sana.

Mmoja wa waliokalia meza hizo alikuwa Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma kwa wamisheni wa UMCA pale Kiungani, akafanya ukarani Kenya na Uganda. Vita vilimkuta Tanga, Wajerumani wakamfunga kwa kumhesabu mtu wa Waingereza. Alipofunguliwa, Waingereza wakamwajiri ofisi ya wilaya ya Tanga, akapanda hadi kuwa karani mkuu, mtu ambaye Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alimwachia ofisi akisafiri na kuikuta kama alivyoiacha. Mwaka 1922 Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kilikuwa na timu ya mpira, madarasa ya usiku na magazeti ya kusoma, kikachanganya Wakristo na Waislamu. Inafurahisha kwamba miaka hiyo hiyo, huko Ujerumani, kilikuwa kinachapishwa kitabu kikubwa cha marehemu Max Weber, msomi aliyeeleza kuliko mwingine yeyote namna ofisi, cheo na jalada vinavyotawala dunia ya kisasa. Makarani wa Tanga hawakumhitaji. Walikuwa ndani ya kitabu.

Jinsi mashine yenyewe ilivyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa utulivu, maana imebadilika kidogo mno tangu siku za Kayamba. Barua inaingia masijala. Inagongwa mhuri wa tarehe, inaandikwa katika daftari la barua zinazoingia, inatafutiwa jalada lenye namba ya mada yake. Inatobolewa, inafungwa upande wa kulia, inapewa namba ya folio. Upande wa kushoto zipo karatasi za madokezo, ambako karani anamwandikia ofisa: tazama folio 14, mwombaji anadai hiki, mwaka juzi tulimjibu hivi katika folio 9. Ofisa anaandika maoni yake chini, anaweka sahihi, jalada linapanda. Mkubwa anaandika neno moja, nalo linashuka. Barua inaandaliwa, inapigwa chapa, inarudi juu kwa sahihi, inatoka na namba ya kumbukumbu, nakala inabaki. Jambo likihitaji kusubiri, jalada linapangiwa tarehe ya kuletwa tena mezani.

Uzuri wa utaratibu huu hauonekani kwa anayesubiri dirishani, lakini upo. Ofisa akihamishwa, akiugua, akifa, shauri la mwananchi halifi naye. Anayekuja anafungua jalada na kuendelea pale mwenzake alipoishia. Kila aliyeamua ameacha mkono wake. Mtawala wa zamani angeweza kusahau, au kudai amesahau. Jalada halisahau, ila lipotee. Na hapo ndipo nguvu ya mtu mdogo ilipozaliwa. Mkuu wa wilaya hakujua jalada liko kabati gani. Karani wa masijala alijua. Kupotea na kuonekana kwa jalada, kukaa chini ya rundo au kupanda juu yake, yote yalipita katika vidole vya mtu ambaye cheo chake kilikuwa cha chini kabisa katika jengo lile. Kila Mtanzania aliyewahi kuambiwa "njoo kesho, faili halionekani" amekutana na mrithi wake.

Sir Donald Cameron, gavana kuanzia 1925, aliigawa nchi katika majimbo 11 na mwaka uliofuata akaleta sheria ya kutawala kupitia machifu. Kwa maneno, utawala ulirudishwa kwa wenyeji. Kwa vitendo, chifu alipewa hazina, mahakama, daftari na karani, na kila mwaka bajeti yake ndogo ilipanda kwa mkuu wa wilaya, ikaenda kwa mkuu wa jimbo, hadi Sekretarieti ya Dar es Salaam. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, safari haikuishia hapo. London ilipeleka taarifa ya kila mwaka Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa. Ng'ombe waliohesabiwa Usukuma waliweza, kwa njia ya jedwali, kufika Uswisi.

Mwaka 1931 walisafiri watu wenyewe. Bunge la Uingereza lilikuwa likichunguza mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na kutoka Tanganyika wakaitwa mashahidi Waafrika watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Kayamba. Ukimtoa chifu, wawili ni watu wa kalamu, kwani Lwamugira naye alikuwa katibu wa baraza la machifu wa Bukoba. Walizungumza kwa adabu ya ofisini, na muungano wakaukataa. Mwaka uliofuata Kayamba alihamishiwa Sekretarieti, mahali ambapo hakuna Mwafrika aliyewahi kushika nafasi ya aina ile. Kuna waliomwona kibaraka, na aliyoyaandika kuwasifu Waingereza hayamsaidii. Lakini alikuwa ameonyesha kitu ambacho wakubwa wake hawakukitafakari vizuri: anayejua jalada linavyokwenda anaweza kulisimamisha, na pia anaweza kuandika la kwake.

Chama cha Waafrika, African Association, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Rais wake wa kwanza, Cecil Matola, alikuwa mwalimu. Katibu wake, Kleist Sykes, alikuwa mwajiriwa wa reli. Matawi yaliyofuata bara yalianzishwa zaidi na watu wa aina hiyo hiyo, makarani, walimu, wauguzi, na yalienea kwa njia ambayo serikali yenyewe iliilipia nauli: uhamisho. Karani aliyepelekwa Dodoma au Bukoba alifika na barua ya kupangiwa kazi mfukoni na chama kichwani.

Walikuwa na sababu ya kunung'unika. Mwafrika, Mhindi na Mzungu waliokaa ofisi moja walilipwa kwa ngazi tatu tofauti. Tume ya Holmes, iliyopita Afrika Mashariki baada ya Vita vya Pili, ilikubali kwamba hata Mwafrika au Mhindi mwenye sifa sawa na Mzungu alipwe sehemu tatu za tano tu za mshahara wa Mzungu huyo. Ni mwaka 1954, kwa mapendekezo ya Tume ya Lidbury, ndipo ngazi za rangi zilipoanza kuondolewa. Kwa muda huo wote karani alikuwa akinakili kwa mkono wake orodha za mishahara zilizomdhalilisha.

Serikali haikuwa na haja ya kuwafunga watu hawa. Ilikuwa na silaha nyepesi zaidi. Dk. Vedasto Kyaruzi, daktari wa serikali, alipochaguliwa kuwa rais wa chama, wakati huo kikiitwa TAA, mwaka 1950, alihamishwa Dar es Salaam akapelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira karibu na Morogoro, na baadaye Nzega. Hakuna sheria iliyovunjwa wala kesi iliyofunguliwa. Ni barua fupi ya uhamisho, kwa manufaa ya kazi, na chama kikapoteza rais wake. Njia hii haikuondoka na wakoloni; mtumishi yeyote aliyewahi kumkosoa mkubwa wake anajua kwamba Tanzania ina wilaya za mbali.

Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining ilitumia silaha kubwa zaidi. Ilitoa waraka uliokataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa TAA. Waraka ni karatasi tu. Lakini huu ulikata mti shinani, kwa kuwa viongozi wa chama karibu wote walikula mshahara wa serikali. Bila shaka ulipigwa chapa na kutiwa kwenye bahasha na makarani wale wale uliowahusu. Wengine walijitoa, wengine wakaendelea kwa kificho, usiku. Miezi michache kabla, TAA ilikuwa imemchagua rais mpya, Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya misheni ya Pugu. Shule ya misheni haikuwa ofisi ya serikali, na waraka haukumgusa moja kwa moja. Twining aliwazibia njia watu aliowajua, akamwachia uwanja mtu ambaye hakuwa akimjua vizuri.

TANU, mrithi wa TAA, ilizaliwa Julai 7, 1954, nayo ikakutana na sheria mpya ya usajili wa vyama. Kila tawi lilitakiwa lisajiliwe, na msajili aliweza kukataa. Kanda ya Ziwa, mahali ambapo vyama vya ushirika vya pamba vilikuwa vimewapa watu uzoefu wa kudai haki, matawi ya TANU yalinyimwa usajili hadi mwaka 1958. TANU ilijibu kwa lugha iliyofundishwa ofisini: kadi zenye namba, risiti za michango, mihuri ya matawi, mihtasari ya vikao, barua zenye kumbukumbu. Rashidi Kawawa, karani wa serikali ambaye wengi walimjua kwa filamu ya Muhogo Mchungu, aliongoza chama cha watumishi Waafrika kabla ya kuacha kazi na kuingia kwa miguu yote miwili katika harakati za wafanyakazi. Chama kilichouondoa ukoloni kiliendeshwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliofundishwa na ukoloni kutunza kumbukumbu.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, Watanganyika walikuwa wameshika takriban robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini. Waingereza wengi walikuwa wanafunga mizigo. Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu baada ya Nyerere kujiuzulu Januari 1962, alisukuma kwa kasi uhamishaji wa madaraka kwa Waafrika. Karani wa jana alilala karani akaamka bwana shamba mkuu. Msaidizi akawa mkuu wa wilaya. Mitaani wakaitwa manaizesheni, jina lenye wivu na kejeli pamoja. Nyerere mwenyewe, Januari 1964, alitangaza kwamba kuanzia sasa raia atazamwe kwa uraia wake na si kwa rangi. Shule ya Mzumbe, iliyoanzishwa mwaka 1953 kufundisha machifu na watumishi wao, ikawa inafundisha watawala wa nchi huru. Machifu wenyewe walifutwa kisheria mwaka 1963. Januari 1967 Kawawa, wakati huo Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Fomu zikatafsiriwa. Maswali yake yalibaki yale yale.

Kwamba ofisi huru inaweza kumwonea mwananchi huru, serikali ililiona mapema, na hili ni la kuipa sifa. Mwaka 1966 Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya. Makamishna walizunguka mikoani, wakaketi kwenye mabaraza na kusikiliza: mtu amefukuzwa kazi bila barua, mjane anazungushwa mafao ya mumewe, polisi wamechukua baiskeli na haikurudi. Tume iliweza kuita ofisa na kudai jalada. Haikuweza kutengua uamuzi. Ilipeleka mapendekezo yake kwa Rais, kwa siri, na Rais ndiye aliyeamua. Kwa maneno mengine, tiba ya ofisi ilikuwa ofisi nyingine, yenye masijala yake.

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ndani yake viongozi walikatazwa ubabe na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko wakubwa walivyotarajia. Migomo ikazuka viwandani, mingi haikudai mshahara bali ilidai heshima, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakiteka wakaendesha kazi wenyewe. Serikali ya wafanyakazi na wakulima ikawatuma polisi. Issa Shivji, kijana mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika wakati huo kwamba tabaka jipya limejengeka nchini, na mali yake si shamba wala kiwanda, ni cheo.

Miaka hiyo hiyo yakaja Madaraka Mikoani. Nyerere alikerwa na kuona mambo madogo ya mikoani yakisubiri idhini ya Dar es Salaam. Serikali ikakodi washauri, na hao hawakutoka Beijing wala Belgrade. Walikuwa McKinsey, kampuni ya Marekani inayoshauri mabepari. Ushauri ulipokelewa, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zikafutwa, na za miji zikafuata. Mahali pake wakapelekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, na maofisa kwa mamia wakahamishwa kutoka wizarani. Kwa hesabu za makaratasi, madaraka yalikuwa yamesafiri kwenda kwa watu. Waliosafiri walikuwa watumishi wa serikali kuu. Mwananchi aliyekuwa na diwani wake wa kumfokea sasa alikuwa na mkurugenzi asiyemchagua, naye akimwangalia Waziri Mkuu, si mwananchi. Mitaro ya miji ilijaa takataka, barabara zikachimbika, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Sheria za 1982 zikarudisha na za wilaya, zikaanza kazi 1984. Mwaka huo huo Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa ambayo asingeyarudia. Viongozi wachache wa kizazi chake walisema neno kama hilo wakiwa bado madarakani.

Wakati wa majaribio hayo, maisha ya kila siku yalikuwa yameshaingia ndani ya fomu. Sheria ya 1975 ilikiandikisha kijiji chenye kaya zisizopungua 250 na kukipa namba. Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, ilipanga bei za bidhaa kuanzia sabuni hadi betri. Bidhaa zilipoadimika, hasa baada ya vita vya Kagera, kibali kikawa na thamani kuliko fedha. Saruji kwa kibali, bati kwa kibali, sukari ya harusi kwa barua ya balozi wa nyumba kumi inayothibitisha kwamba harusi ipo kweli. Aliyesaini vibali hakuwa lazima awe mwizi ili apate marafiki wengi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na walioogopa wakatupa shehena za sabuni na nguo usiku. Msako uliwafuata wenye maghala. Waliokuwa na mihuri walipona kwa wingi zaidi.

Miaka ya 1990 ilikuja na lugha mpya: kupunguza wafanyakazi. Serikali iliyokuwa na watumishi wapatao 355,000 mwanzoni mwa muongo ilibaki na chini ya 300,000 ulipokwisha. Ilifuata Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, na mikataba ya huduma kwa mteja iliyobandikwa ukutani, mara nyingi nyuma ya kabati. Mwaka 2004 ukaingia mfumo wa wazi wa kupima utendaji, OPRAS, ambao kila mtumishi alitakiwa akubaliane na msimamizi wake malengo ya mwaka na kujipima. Nia ilikuwa njema. Yaliyotokea anayajua kila aliyefanya kazi serikalini: fomu nene zilizojazwa kwa mpigo mwishoni mwa Juni, malengo yakinakiliwa kutoka mwaka jana, ili mtu asikwame kupandishwa daraja. Mfumo wa kupunguza urasimu ulikuwa umeongeza folio moja katika kila jalada la mtumishi nchini.

Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wawatafute watumishi hewa. Mtumishi hewa haumbwi na mtu mmoja. Mwalimu anafariki, mkuu wa shule anaandika kwa ofisa elimu, ofisa elimu anamwandikia mkurugenzi, taarifa inatakiwa iingizwe kwenye mfumo wa kompyuta, ambao wakati huo watumishi waliuita Lawson, Hazina inalipa kinachoonekana kwenye mfumo. Barua ikilala wiki mbili mahali pamoja, marehemu amepata mshahara. Ikilala kwa makusudi, kuna anayeupokea. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, alitangaza kwamba mkoa wake hauna hata mmoja. Rais akatuma timu nyingine, ikawakuta 45, na Aprili 2016 mkuu huyo akaondolewa, wiki chache tu tangu ateuliwe. Alichokuwa amefanya ni kile ambacho ofisi zimefanya tangu enzi za maakida: kupokea takwimu kutoka chini na kuipandisha juu bila kwenda kuhesabu vichwa. Nchi nzima, watumishi hewa walioondolewa walizidi 19,000.

Zamu ya pili ilikuwa ya vyeti. Aprili 28, 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angellah Kairuki alimkabidhi Rais orodha ya watumishi 9,932 ambao vyeti vyao vya sekondari, vilipolinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, vilionekana kughushiwa. Wakaondolewa kazini. Baadhi walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wamethibitishwa, wamepandishwa vyeo, wamepimwa kwa OPRAS. Kila mmoja alikuwa na jalada lililokamilika: barua ya maombi, nakala ya cheti, mhuri wa kuthibitisha nakala, sahihi ya aliyepokea, folio kwa mpangilio. Hakuna karatasi iliyokosekana. Kilichokosekana ni mtu mmoja, katika miaka yote hiyo, aliyeinua simu kuuliza Baraza la Mitihani.

Baadaye serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua kwamba watu hao warudishiwe michango waliyokatwa katika mishahara kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Malipo yalianza kushughulikiwa Novemba 1, 2022. Anayedai alitakiwa arudi kwa mwajiri wake wa zamani, na vitambulisho vyake mkononi, ili maombi yake yapitie huko kwanza.